Sindano za GLP-1 ni nini?

GLP-1 ni homoni inayotolewa na utumbo chakula kinapoufikia. Huliambia kongosho litoe insulini, huzuia ini kumwaga sukari zaidi kwenye damu, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hupeleka ubongoni habari ya shibe. Ila haidumu: kimeng'enya kiitwacho DPP-4 huivunja ndani ya dakika 2 hivi. Semaglutaidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, ni nakala yake iliyorekebishwa isivunjwe upesi, hata baada ya wiki nzima nusu ya dozi bado imo mwilini. Ndiyo maana huchomwa mara moja kwa wiki. Tirzepataidi, dawa nyingine ya aina hii, huiga homoni mbili za utumbo, GLP-1 na GIP.

Wengi hudhani dawa hizi ni insulini. Siyo. Insulini hushusha sukari hata ikiwa tayari iko chini. Dawa hizi hulisukuma kongosho pale tu sukari inapopanda. Hatari ya sukari kushuka mno huja zikitumiwa pamoja na insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kisukari) ambazo dozi yake haikupunguzwa.

Semaglutaidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, kisha 0.5. Dozi ya kwanza ni ya kulizoesha tumbo, bado si ya tiba. Anayeruka ngazi kwa haraka ya kupungua uzito hutapika na kuharisha, maji yakamwishia mwilini, na figo zikaumia. Sahani ndogo isiyo na mafuta mengi husaidia sana.

Huchomwa chini ya ngozi: tumboni, pajani au juu ya mkono, kwa sindano mpya kila mara. Kwa kalamu ya Ozempic (jina la kibiashara la semaglutaidi), bonyeza hadi kipimo kisome 0, kisha hesabu polepole hadi 6 ndipo uchomoe; ukiwahi, dawa hubaki juu ya ngozi. Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, itupwe hata kama imeyeyuka.

Katika utafiti uliochapishwa 2021, watu wenye unene au uzito uliozidi waliotumia miligramu 2.4 za semaglutaidi kwa wiki walipungua wastani wa asilimia 15 hivi kwa wiki 68. Walioacha na kufuatiliwa mwaka mmoja walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito huo, kwa kuwa njaa hurudi dawa ikiisha mwilini. Unene ni ugonjwa wa kudumu kama presha, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajanunua kalamu ya kwanza.

Mjamzito asitumie, wala mwenye historia ya saratani ya medula ya tezi ya shingo katika familia. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni huenda ni kuvimba kwa kongosho: acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.