Kontra ya Kingereza: "delay" si "délai", "deposit" si "dépôt"

Kwa biro yetu ya tafsiri hapa Lubumbashi malalamiko ya namna moja imezidi: watu wanaleta kontra ya Kingereza kiisha kutia mkono, kiisha kulipa, kiisha kupoteza makuta, njo wanaomba tuwatafsirie. Tafazali mulete mbele ya kutia mkono.

Mama mmoja anayeingiza unga kutoka Zambia alifika na kontra yake, amepiga mustari wa biki nyekundu chini ya maneno haya: "In case of 5 days delay, the seller keeps the deposit." Kifaransa anajua sana, akaona "délai", akaona "dépôt", akaelewa kama muuzaji anamupa siku 5 na mizigo itangojea kwa depo. Kumbe ni: ukichelewa siku 5, muuzaji anabakia na avansi yako. Na alikuwa amechelewa siku 6.

Sasa tuelewane, sura ya neno si maana yake. Mwaka 1066 William wa Normandie alishinda Uingereza, wakubwa wa kule wakaongea Kifaransa, matribinali pia, mpaka 1362 sheria ikasema watu waseme mashitaka kwa Kingereza. Njo maana kontra zao zimejaa maneno ya Kifaransa. Lakini neno likihama ni kama mtoto aliyekomelea kwa wajomba, sura ya baba, tabia ya kule. "Delay" imetoka kwa Kifaransa cha zamani, kusogeza jambo mbele. Kingereza kikashika kuchelewa, Kifaransa cha leo kinaitumia sana kwa muda uliopewa. "Demurrage" inayoliza watu wa malori Kasumbalesa, kwa mupaka wa Zambia, ni ndugu ya "demeurer", kukaa: kontena imepita muda wa bure, unalipa kule kukaa. Na "eventually" haina "labda" ndani kama "éventuellement" ya Kifaransa, ni "mwishowe", kwa hiyo wakiandika utalipa "eventually", utalipa! "Demand" nayo si kuomba, ni kudai, usiiandikie kliyenti wako.

Na musituambie simu imekwisha kutafsiri. Simu haikula kiapo mbele ya juge.

Ukikuja leta orijinali, kopi mbili, kitambulisho, na kurasa zote, hata ile ya nyuma yenye maandishi madogo. Kila ukurasa unapata kashé na sinyature, orijinali unarudi nayo nyumbani. Usituombe kubadilisha hata tarehe moja: kifungu cha 124 cha Code pénal kinamupa mwenye kugushi maandishi kwa nia mbaya miezi 6 mpaka miaka 5 ya gereza na faini, ao moja tu ya azabu hizo, na cha 126 kinamuhesabu anayetumia karatasi hiyo kwa nia ile ile sawa yeye njo aliyeitunga. Kama kontra yenyewe ni nzuri ao mbaya, sisi hatusemi, hiyo ni kazi ya avoka, na avoka naye anataka tafsiri mapema, si asubui ya siku ya tribinali.