Si kila treni ipitayo juu ni monoreli

Kila mji unapotangaza mpango wa treni itakayopita juu ya nguzo, hatukosi kusikia kwamba unajengewa monoreli, na mabishano makali huzuka kuhusu ubora na ubovu wa monoreli hata pale ambapo hakuna anayekusudia kujenga kitu hicho. Monoreli ni treni inayobebwa na kuongozwa na boriti au reli moja tu, iliyo nyembamba kuliko behewa lenyewe, ambayo treni huipanda na kuikumbatia kwa pande zote mbili, au huning'inia chini yake. Ufafanuzi huo hautaji kimo, wala kasi, wala kuwapo au kutokuwapo kwa dereva.

Kimo ndicho kinachowapotosha wengi. Treni za juu za Chicago zimekuwa zikipita juu ya barabara tangu mwaka 1892, nazo hutembea juu ya reli mbili za chuma kama treni nyingine yoyote. Treni za Vancouver, zilizoanza kazi mwaka 1985, hazina dereva na sehemu kubwa ya njia yao imeinuliwa, jambo linalomfanya mgeni aziite monoreli papo hapo. Lakini akichungulia ukingoni mwa jukwaa la kituo ataziona reli mbili. Magurudumu ya mpira nayo si ushahidi, kwa kuwa baadhi ya njia za metro ya Paris zimekuwa zikiyatumia tangu miaka ya 1950, chini ya ardhi. Kinyume chake, monoreli ya Tokyo iendayo uwanja wa ndege wa Haneda huzama katika handaki na kuendelea kuwa monoreli humo gizani. Cha kutazama, kwa hiyo, ni kile kinachokanyagwa na treni. Umbali wake kutoka ardhini haubadilishi kitu.

Wako watakaosema kwamba huku ni kuchagua maneno kupita kiasi. Ingekuwa hivyo kama sifa na lawama zisingehama pamoja na jina. Njia ya juu ya reli mbili huhitaji sakafu pana, au fremu nzito ya chuma kama ile ya Chicago, na sakafu hiyo hutupa kivuli kipana barabarani. Boriti za monoreli, zikiwa mbili, moja ya treni ziendazo na moja ya zirudizo, zenye nafasi katikati, huacha mwanga upite. Monoreli nyingi za kisasa hukanyaga zege kwa matairi ya mpira, kwa hiyo hupanda miinuko ambayo gurudumu la chuma lingeteleza, na hiyo ni sababu moja ya mji wa Chongqing, Uchina, uliojengwa juu ya vilima, kuichagua kwa njia zake mbili ndefu. Lakini matairi hayo hula umeme zaidi kuliko chuma juu ya chuma. Vilevile treni ya kawaida hubadilisha njia kwa kusogezewa vipande vyembamba vya reli, ilhali monoreli hulazimu kipande kizima cha boriti kisogezwe au kipindwe kwa mitambo, na ndiyo maana matawi na makutano ya njia zake ni ghali na ya polepole. Aidha, boriti na mabehewa ya mtengenezaji mmoja aghalabu hayaoani na ya mwingine, hivyo mji uliokwisha kununua hubaki mikononi mwa aliyeuuzia.

Sifa ya monoreli ya kuwa mchezo wa watoto ina chanzo kingine. Wamarekani wengi waliijua monoreli kwanza katika bustani ya burudani ya Disneyland mwaka 1959, kisha kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle mwaka 1962, ambako njia ya takriban kilomita 1.5 yenye vituo viwili bado inafanya kazi. Sydney ilijenga kitanzi cha kilomita 3.6, ambacho treni zilikizunguka kwa mwelekeo mmoja tu, ikakifungua mwaka 1988 na kukifunga mwaka 2013. Ukijenga hata tramu, yaani treni ya barabarani, katika kitanzi kama hicho, watalii ndio watakaoipanda. Wuppertal, Ujerumani, ina treni zinazoning'inia juu ya mto Wupper tangu mwaka 1901, katika njia ya kilomita 13.3 inayofuata bonde ambalo mji wenyewe umelifuata, na wakazi huzipanda kwenda kazini bila kuziona kuwa maajabu.

Anayeipinga monoreli, basi, hakosi hoja, kwani suala la matawi na lile la kumtegemea mtengenezaji mmoja ni mazito na yanastahili kujibiwa kabla ya mkataba kutiwa saini. Ila kivuli cha sakafu pana na mngurumo wa chuma wa Chicago aviondoe katika orodha yake, na mradi wa reli mbili juu ya nguzo auite treni ya juu.