Je, saa ya mkononi inajuaje kwamba umelala?

Ivue saa janja gizani, uigeuze: utaona vitaa vya kijani vikimulika upande unaogusa ngozi. Damu hunyonya sana mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye vishipa vya mkono na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Pigo likipita, mwanga huongezeka tena. Saa husoma mabadiliko hayo, ikapata idadi ya mapigo na hata muda kati ya pigo moja na jingine. Ndani yake pia mna akselerometa, kidude kidogo mno kinachohisi kila mkono unapotikisika.

Lakini usingizi uko kwenye ubongo, na saa haifiki huko. Kipimo kamili cha hospitali hubandika waya kichwani, kando ya macho na kidevuni. Kwa kupima hivyo macho na ubongo, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza mwaka 1953 ule usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, wenye ndoto nyingi. Saa yenyewe inakisia tu: mkono umetulia na moyo unapiga polepole, kwa mpangilio? Huenda ni usingizi mzito. Mkono umetulia ila mapigo yanapandapanda? Pengine unaota.

Ndiyo maana mtu aliyejilaza kimya, macho makavu, akiwaza ada ya shule, mara nyingi huandikiwa kwamba alilala. Mimi ningeamini zaidi jumla ya saa za kulala kwa wiki nzima kuliko dakika za usingizi mzito za usiku mmoja.

Kuhusu oksijeni ya damu, ambayo baadhi ya saa hizi hupima pia, sisi wenye ngozi nyeusi tuwe waangalifu zaidi. Kipimo hicho hutumia mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho, na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, huuingilia. Utafiti wa hospitali uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa vipimo vya kidoleni vilisoma oksijeni ya wagonjwa weusi kuwa juu kuliko ilivyokuwa kweli, na kosa hilo lilitokea kwao mara nyingi zaidi kuliko kwa wazungu.

Mwaka 2024 Marekani iliruhusu saa za Samsung na Apple kutoa tahadhari ya dalili za kukatika pumzi usingizini. Ni tahadhari tu. Ugonjwa huthibitishwa na daktari. Mwenzako akikuambia unakoroma, unanyamaza ghafla, kisha unashtuka ukitweta, na mchana unasinzia hata kwenye daladala, nenda hospitali hata kama saa haijasema kitu.