Maziwa hayaingii mapafuni: maswali kuhusu kuchanganya dawa za usafi

Kuna wagonjwa wa aina moja ambao siachi kuwaona. Wamesugua choo kwa blichi na dawa ya choo kwa pamoja, wamekohoa, wamekunywa maziwa, wamelala. Kesho yake wanaletwa wakitweta, sentensi moja hawaimalizi. Maswali haya ni yao na ya ndugu zao.

Blichi ni nini hasa?

Ni myeyusho wa hipokloriti ya sodiamu ndani ya maji. Ya nyumbani kwa kawaida huwa na asilimia 3 hadi 6 ya kemikali hiyo. Inang'arisha nguo na kuua vijidudu kwa kupora elektroni, kazi ambayo kwenye kemia huitwa oksidisho. Na haichagui: elektroni za doa, za bakteria au za utando wa koo lako, zote inazipora.

Nikiongeza dawa ya choo, si nguvu inaongezeka?

Hapana. Nguvu inatoka ndooni na kuhamia kifuani kwako.

Dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki. Ndani ya blichi, atomu ya klorini ina namba ya oksidisho (hesabu ya elektroni ilizopungukiwa au ilizozidisha) ya +1, yaani imepungukiwa moja. Ndani ya asidi ina −1, yaani imezidisha moja. Zikikutana, moja inatoa elektroni, nyingine inapokea, na zote mbili zinaishia kwenye sifuri, yaani gesi ya klorini:

NaOCl + 2HCl → Cl₂ + NaCl + H₂O

Tazama upande wa kulia. Gesi ikishatoroka, kilichobaki ni maji na chumvi. Umelipia dawa mbili ili usugue choo kwa maji ya chumvi! Siki na ndimu nazo ni asidi, usizikaribishe kwenye blichi kwa sababu tu zinaliwa.

Amonia nayo ni hatari. Ikikutana na blichi hutoa kloramini, gesi zinazochoma macho na njia ya hewa. Mkojo uliokaa sakafuni huwa na amonia, kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza, blichi ifuate baadaye.

Lakini nilitumia kikombe kimoja tu.

Tupige hesabu. Kikombe cha mililita 250 cha blichi ya asilimia 4 kina gramu 10 hivi za hipokloriti. Ukikipa asidi ya kutosha, na gesi yote ikatoka, utapata lita 3 na ushee za klorini. Chukua choo chenye mita za ujazo 5, ambazo ni lita 5,000 za hewa. Hapo klorini inafika sehemu zaidi ya 600 katika kila milioni. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu sehemu 10 tu katika milioni kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai. Ni kweli gesi yote haitoki kwa mkupuo, nyingine hubaki imeyeyuka kwenye maji. Punguza basi hadi moja ya kumi. Bado umeupita mpaka huo mara sita.

Hii ni gesi ile ile iliyofunguliwa kwenye mitungi karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, dhidi ya wanajeshi waliokuwa kwenye mahandaki. Wewe unaitengeneza mlango ukiwa umefungwa.

Kuna dirisha dogo juu. Halitoshi?

Molekuli ya klorini ina uzito wa 71, hewa kwa wastani 29. Ni nzito karibu mara mbili na nusu, hivyo mwanzoni hutanda chini, pale pale ulipochuchumaa na brashi. Mtoto anayetambaa mlangoni anaivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama. Na ukitumia maji ya moto umeharakisha balaa, maana gesi huyeyuka kidogo kwenye maji ya moto kuliko ya baridi, na hutoka haraka zaidi.

Nikinywa maziwa, si yanasafisha kifua?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni. Gesi imekwenda mapafuni. Ni njia mbili tofauti, na ukiona maziwa yameingia kwenye njia ya hewa, ujue umepaliwa na una tatizo la pili.

Hata yakiwa ya moto?

Hapana.

Na kama ni mengi?

Hapana. Mtu anayetweta na tumbo limejaa maziwa yuko kwenye hatari ya kutapika na kuyavuta matapishi mapafuni.

Basi niyanywe wakati najiandaa kwenda hospitali?

Nenda hospitali. Maziwa yenyewe ningeyavumilia; nisichovumilia ni saa zinazopotea watu wakisubiri "yafanye kazi".

Nilikohoa, nikatoka nje, nikapata nafuu. Nisubiri mpaka asubuhi?

Hapa ndipo watu wanapoumia. Walioivuta kidogo na kutoka mara moja wengi hupona bila matatizo, hilo silifichi. Ila nafuu ya saa ya kwanza haikuhakikishii kitu. Klorini huyeyuka kwenye maji kwa kiasi cha wastani. Amonia, inayoyeyuka upesi mno, huishia zaidi puani na kooni, na mtu hukimbia haraka. Klorini nyingine inashikwa huko juu, nyingine inateremka hadi vifuko vya hewa. Popote inapokuta unyevu wa mwili inatengeneza asidi ya haidrokloriki na asidi ya hipoklorasi. Tishu iliyoungua inavimba taratibu na kuvujisha maji, na mapafu yanaweza kuanza kujaa baada ya saa kadhaa, pengine hadi siku nzima.

Kwa hiyo usisubiri asubuhi ikiwa baada ya kupata hewa safi bado unakohoa, kifua kinabana, pumzi inatoa mluzi, au sauti imekwaruza. Usisubiri ikiwa ulikaa muda mrefu kwenye chumba kilichofungwa. Mwenye pumu, mtoto, mjamzito na mzee asisubiri hata kama kikohozi ni kidogo. Midomo ikibadilika rangi au makohozi yakitoka na povu la waridi, hiyo ni dharura ya dakika hii. Si ya baada ya maziwa.

Nijifukize kwanza?

Hapana. Mvuke wa moto hauondoi klorini iliyokwisha kuungana na tishu, na unaweza kukuachia kidonda cha maji ya moto juu ya ulicho nacho. Mvuke utakaopewa kituoni ni wa dawa ya kufungua njia ya hewa, jambo tofauti kabisa.

Huko kituoni watanifanyia nini, kama hakuna dawa ya kuiondoa?

Ni kweli, dawa ya kuifuta klorini mwilini haipo. Watakupa oksijeni, watakufungulia njia ya hewa, na watakukalisha chini ya uangalizi ili mapafu yakianza kujaa uwe mbele ya mtu anayejua la kufanya. Waambie ulichanganya nini. Wengine wanaona aibu wanasema ni mafua, nasi tunapoteza muda kutafuta mafua ambayo hayapo.

Macho yanawaka.

Maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi. Vua nguo zilizorukiwa. Matone yoyote uliyonayo kabatini yaache huko huko.

Sasa choo kigumu nitakisafishaje?

Dawa moja kwa wakati mmoja. Sugua uchafu kwa sabuni ya kawaida, suuza, ndipo utie blichi. Uchafu una elektroni nyingi, unaimaliza blichi kabla haijafika kwa vijidudu. Blichi ya asilimia 5 ukiichanganya sehemu moja kwa sehemu tisa za maji baridi unapata asilimia 0.5, na hiyo ni kali ya kutosha. Iache dakika 10. Watu wanamwaga na kusuuza papo hapo, halafu wanalalamika haina nguvu.

Nimeshachanganya na harufu imeanza. Ndoo niifanye nini?

Iache ilipo. Usiongeze kitu, usirudi kuimwaga, usishike pumzi ukajaribu "mara moja tu". Toka na kila aliye karibu, nendeni mahali penye hewa na pasipo bondeni, mlango uache wazi ukipita. Ukishazoea harufu usidhani gesi imekwisha, pua huchoka kabla ya gesi.