Kuua Seli Kisahanini Si Kukinga Saratani

Wiki iliyopita nilitumiwa tena, safari hii na shangazi yangu, ule ujumbe unaodai kwamba majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko dawa za saratani za hospitalini, na kwamba mtu mzima wa afya akinywa maji yake kila asubuhi hatapata saratani maishani. Kwa miaka mingi nimeujibu kwa maneno mawili matatu. Leo nitaujibu kwa kirefu, kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza viambata vya mimea, na kwa kuwa shangazi amekwisha kuyachemsha majani.

Namba hiyo haikuzuliwa. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitenga viambata kadhaa kutoka kwenye mbegu za stafeli, si majani, na kimojawapo, kilipojaribiwa kwenye aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana, kilionekana kuwa na ukali mara 10,000 kuliko adriamaisini, mojawapo ya dawa za saratani za hospitalini. Ukali katika lugha yetu ya maabara ni kipimo cha dozi: kiasi kidogo mara 10,000 kilitosha kuleta athari ileile. Hakisemi kwamba seli zilizokufa zilikuwa nyingi mara 10,000, wala hakisemi lolote kuhusu binadamu, kwa sababu kisahani cha maabara hakina utumbo wa kukinyonya kiambata, hakina ini la kukivunja, na hakina ubongo wa kudhurika. Hata dawa ya kuondolea madoa ya nguo ikimwagwa humo huua seli za saratani.

Ubongo nimeutaja kwa makusudi. Anonasini, kiambata kikuu cha jamii ya viambata hivyo vya stafeli, huzuia mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, kuzalisha nishati, na ndivyo kinavyoua seli. Lakini seli za neva nazo huishi kwa nishati hiyo hiyo. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliripoti wagonjwa wengi kupita kawaida wenye dalili za Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) zisizoitikia dawa, na wengi wao walikuwa watumiaji wa tunda hilo na chai ya majani yake. Haijathibitishwa kwamba stafeli ndilo chanzo. Kwangu mimi, shaka hiyo peke yake inatosha kumkataza mtu asiyeumwa kunywa chai hiyo kila siku kwa miaka 20.

Hapa ndipo ninapokosa subira hata na wenzangu wa taaluma. Watu husema: mbona vinkristini, dawa ya saratani ya hospitalini, hutokana na mmea? Ni kweli, lakini vinkristini ni tiba. Ni sumu tunayoikubali kwa sababu mgonjwa tayari yumo hatarini. Kinga hupewa maelfu ya watu wazima wa afya, ambao wengi wao wasingeugua kamwe, na kwa hiyo hata madhara madogo huweza kuzidi faida. Beta-karotini, kiambata kinachoipa karoti rangi yake, ilitufundisha hivyo kwa gharama kubwa. Walaji wa mboga na matunda yenye rangi ya machungwa walionekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra, basi Ufini ikawapa wavutaji sigara miligramu 20 kila siku, katika utafiti wa wanaume 29,133. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18. Utafiti kama huo wa Marekani ulisimamishwa Januari 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Karoti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kiambata kimoja, kwa dozi kubwa, ndicho karoti.

Je, hakuna mfano mzuri? Upo, nami naupenda. Huko Qidong, China, ambako sumukuvu (sumu ya ukungu wa mahindi na karanga) na homa ya ini aina ya B, vyote viwili visababishi vya saratani ya ini, vilikithiri, watu wazima 180 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa miligramu 100 za klorofilini kabla ya kila mlo, mara tatu kwa siku, kwa miezi minne. Klorofilini, ambayo hutengenezwa kwa kuibadili klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, huinasa sumukuvu tumboni kabla haijanyonywa; alama ya uharibifu wa DNA (kemikali ya urithi ndani ya seli) katika mkojo wao ilipungua kwa asilimia 55. Lakini kilichopimwa ni alama hiyo, si saratani yenyewe, na alama kupungua si ahadi kwamba ini halitapata saratani.

Tena, saratani ya ini ilipopungua Qidong, sababu kubwa iliyobainika haikuwa kidonge chochote: wakazi walikuwa wameacha mahindi yenye sumukuvu na kuhamia kwenye wali. Kwetu mahindi hayaachiki, na sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo nilipompigia shangazi simu, baada ya kumwomba ayamwage yale maji, nilimuuliza kama mahindi na karanga za mwaka huu zilianikwa juu ya turubai au chini kwenye udongo, na kama amezichambua zile zenye ukungu. Alisema zenye ukungu huwa anawapa kuku. Tukaanza mazungumzo upya.