Kwenye miombo, anza kupima chini ya goti

Mwalimu wa biolojia aliye Iringa ana misitu ya aina mbili karibu naye, na haifanani hata kidogo. Akishuka kusini hadi Mafinga anaikuta misonobari ya Sao Hill, mti wa kigeni uliopandwa kwa mistari. Akishika barabara ya Dodoma kuelekea Nyang'oro anaingia kwenye miombo, msitu wa asili wa miti kama mtundu na myombo. Nafundisha wanachuo watakaokuwa walimu wa sekondari, na nikipata nafasi moja tu ya kuwatoa darasani, nawapeleka kwenye miombo. Sehemu kubwa ya uhai wa msitu huo haifiki usawa wa goti, na nyingine imo ardhini kabisa. Ubaoni siwezi kuionyesha.

Wakifika, wote hukimbilia miti mikubwa, nami nawaacha, kwa sababu lazima wajue kupima miti mikubwa. Tunachomeka kigingi, tunafunga kamba ya mita 15 na kuzunguka nayo. Duara hilo lina eneo la mita za mraba 707 hivi. Kila shina tunalipima mzingo sentimita 130 kutoka ardhini. Kwenye mteremko unapima ukiwa upande wa juu. Shina likigawanyika chini ya kimo hicho, yanaandikwa mawili. Mzingo wa sentimita 94 ukigawanywa kwa 3.14 unatoa kipenyo cha sentimita 30. Mzee wa kijiji anayetuongoza anataja: mtundu, myombo, mninga, mkusu. Sisi tunaandika, na jina la kisayansi tunalithibitisha baadaye kwa matawi tuliyoyabana katikati ya magazeti.

Kisha tunarudi kwenye kigingi, tunachora duara dogo la mita 2, na hapo kila mtu anapiga magoti. Tunahesabu kila mmea wa jamii ya mti, hata ule wenye majani mawili. Kuhesabu si kazi. Kazi ni kujibu swali hili: huu ni mche uliotokana na mbegu, au ni chipukizi la mzizi wa zamani? Kwa juu vinaweza kufanana kabisa. Fukua taratibu upande mmoja kwa kijiti. Mche wa mwaka huu una mzizi mwembamba ulionyooka. Chipukizi limekaa juu ya mzizi mnene, uliopindapinda, wenye makovu ya mashina yaliyoungua au kukauka zamani. Rudishia udongo ukimaliza.

Mninga ndio unaowashangaza zaidi. Ukiwa mdogo, shina lake hufa hadi ardhini kila kiangazi na kuchipua upya mvua zikija, miaka mingi mfululizo, huku mzizi ukinenepa. Mzizi ukishapata akiba ya kutosha, ndipo unapolirusha shina juu kwa haraka, lipite kimo cha moto wa nyasi. Mwanachuo mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa kwenye safu ya umri niandike wa shina au wa mzizi?" Nilimwambia aifute safu hiyo, aandike urefu na unene wa shingo ya mzizi, yaani pale mzizi unapokutana na shina. Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kulitungia mtihani.

Ukishaelewa hilo, moto nao unausoma vingine. Huko Ndola, Zambia, wataalamu wa misitu walianza majaribio katika miaka ya 1930: sehemu moja ya miombo ikakingwa na moto, nyingine ikachomwa mapema kiangazi, nyingine mwishoni, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Iliyokingwa ilizidi kusongamana miti. Iliyochomwa mwishoni mwa kiangazi mwaka baada ya mwaka iligeuka uwanda wa nyasi wenye miti michache. Kwa hiyo mwanafunzi akiniandikia "moto huharibu msitu" bila kutaja mwezi, namrudishia karatasi.

Mvua zikianza tunakutana na akina mama wenye ndoo za uyoga. "Kamwene mama," wanachuo wanasalimu, kisha wanauliza ameuokota wapi. Jibu huanza na mti: chini ya mtundu, pale penye mikusu. Akina mama hao wanaijua vizuri ikolojia ya mahali. Mitundu, miyombo na mikusu huishi na kuvu ambao nyuzi zao huvika ncha za mizizi, zikiusaidia mti kupata fosforasi kwenye udongo wetu uliochoka, nao mti huzilipa kwa sukari. Uyoga mwingi wa kuliwa wa miombo ni tunda la kuvu hao. Ule wa kwenye vichuguu ni habari nyingine, huo hulimwa na mchwa. Hata misonobari ya Mafinga isingestawi bila kuvu wake walioletwa Afrika pamoja nayo. Uyoga tunauchora na kuupima tu. Wa sumu upo, na kitabu changu hakitoshi kuutenganisha.

Kwa kuwa uhai wa miombo umo mizizini, visiki navipa nusu siku nzima. Mahali palipokatwa mkaa, mizizi ikiwa hai, kila kisiki kinatoa machipukizi na miombo inarudi. Mahali palipolimwa na visiki kung'olewa, hesabu ya duara dogo inashuka vibaya, kwa kuwa mbegu za mitundu haziendi mbali na mti mama: ganda hupasuka na kuzirusha mita chache tu. Kutoka barabarani, maeneo haya mawili yote yanaonekana "yamekatwa". Anayepanga kuhifadhi msitu wa kijiji lazima ajue lipi ni lipi.

Mwalimu wa sekondari hahitaji vifaa vya gharama: kamba, futi ya fundi cherehani, magazeti, daftari. Omba kibali serikali ya kijiji na umwombe mzee anayeujua msitu. Kama una safari moja kwa mwaka, nenda Oktoba, majani mapya mekundu yakiwa yametoka kabla ya mvua. Acha kigingi chako pale na uandike alama za eneo, ili darasa la mwakani lihesabu duara lilelile.