Shughuli, mazao na matokeo katika andiko la mradi

Katika maandiko mengi ya kuomba ruzuku, chini ya kichwa "Matokeo yanayotarajiwa" hukosi kukuta sentensi kama hii: "Akina mama 60 watapatiwa mafunzo ya ujasiriamali." Mafunzo ni shughuli. Akina mama 60 waliohitimu ni zao la shughuli hiyo. Matokeo ni mabadiliko yatakayoonekana kwa akina mama hao baadaye: wanachokifanya sasa ambacho zamani hawakukifanya.

Kuzitenga ngazi hizi kulianza kwa sababu maalumu. Mwaka 1969 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa na miradi ambayo mipango yake haikueleweka vizuri, wala haikujulikana meneja awajibike kwa lipi. Tathmini zikageuka ugomvi, kwa kuwa hakukuwa na makubaliano ya awali kuhusu kipimo. Leon Rosenberg, mshauri wa kampuni ya Fry Consultants, akabuni jedwali la mantiki: pembejeo (fedha, watu na vifaa vinavyoingia katika mradi) chini, juu yake mazao, kisha kusudi, na kileleni lengo kuu. Leo ngazi ya kusudi ndiyo wengi tunaiita matokeo.

Kinachosahaulika ni namna ngazi hizo zinavyoungana. Mazao yamo mikononi mwa meneja: ana fedha, ana wakufunzi, basi akishindwa kufunza watu aliowaahidi ana la kujibu. Kutoka mazao kwenda matokeo, hali ni nyingine. Hapo mradi unabashiri tu kwamba tukifanya hili, lile litafuata. Ndiyo maana jedwali lina safu ya mwisho ya mambo yasiyotawaliwa na mradi lakini yanayoweza kuukwamisha. Safu hiyo ndiyo waandishi wengi huijaza harakaharaka usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na inasikitisha, kwa sababu msomaji makini huitazama hiyo kujua kama mnaielewa jamii mnayoizungumzia.

Mtu anapoandika shughuli mahali pa matokeo, ubashiri huo wote unafichika. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba watu walifika na kusaini. Haisemi kama kuna aliyeondoka na kitu. Mfadhili akiuliza "halafu ikawaje?", asasi haina jibu, hata kama kazi yake ilikuwa nzuri sana. Hilo ndilo linaloniuma: kazi njema inakosa ushahidi kwa sababu ya sentensi moja iliyowekwa pasipo pake.

Sentensi ile ingeweza kusomeka hivi: "Mwaka mmoja baada ya mafunzo, akina mama 40 kati ya 60 wawe wanaandika mapato na matumizi ya biashara zao kila wiki, kabla ya mafunzo walikuwa 9." Hapo kuna hali ya mwanzo, kuna kiwango, kuna muda, na uthibitisho ni kufungua madaftari yao na kuyasoma. Hiyo 9 haipatikani kwa kukisia. Lazima mtu aende akawaulize kabla andiko halijatumwa.

Wapo pia wanaoruka hadi upande wa pili na kuandika "kutokomeza umaskini katika jamii" kama matokeo ya mradi wa mwaka mmoja. Nia yao naielewa, na umaskini ndio uliowasukuma kuandika. Ila mahali pake ni kwenye lengo kuu, na kitenzi chake ni "kuchangia", kwa maana kupungua kwa umaskini kunatokana na mikono mingi: serikali, masoko, mvua, asasi nyingine. Kwenye matokeo wekeni lile ambalo mtaweza kurudi kwa walengwa na kulikagua pamoja nao.